Lori Lililovaa Marinda

Shemeji bado amelala sebuleni kwangu, juu ya godoro, mguu wa kulia umeegemezwa kwenye mto wa kochi. Meza tumeitoa nje. Pacha wanakula jikoni wamesimama, kama askari wa zamu.

Kama gazeti lililopita ulilifungia vitumbua kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Shemeji, kaka wa mke wangu na dereva mwenzangu wa tela za wazi, alipanda juu ya mzigo wa mbao kwenye uwanja wa mteja ili aufunge turubai. Upepo ukaingia chini yake. Akaita "Kona!" kama tunavyoita wote. Walinzi wa geti wakamtazama tu, neno lenyewe hawalijui. Akashuka nalo turubai limemfunika kama mtu aliyevutiwa shuka usingizini, ila chini palikuwa na zege. Nyonga ikavunjika.

Kampuni ikasema nini? Nakumbuka neno kwa neno, maana kukumbuka ndiyo kazi yangu ya pili, na hiyo nayo hailipwi. Meneja alisema: "Kazi ya dereva iko kwenye usukani. Huko juu alikwenda kwa hiari yake."

Basi nasi tukakaa kwenye usukani. Asubuhi tunaingia, tunapakiwa, tunawasha injini, tunangoja. Juu hatupandi. Mzigo usiofunikwa hautoki getini, wateja hawaupokei. Na anga siku hizi imenuna.

Huo ndio mgomo wetu. Mtu akituuliza mbona hamfanyi kazi, tunamjibu tunafanya, tumekaa kwenye usukani.

Niwaeleze wasiowahi kulishika hilo turubai. Likikunjwa lina uzito wa mtu mzima aliyezimia. Likilowa, ni mtu mzima aliyezimia na shemeji zake. Unalipandisha juu ya mzigo, unalikunjua, unatembea kinyumenyume bila kujua ukingo uko wapi. Kisha unashuka, unavuta kamba, unapanda tena kwa sababu kona ya nyuma imeng'oka. Kucha zinaondoka. Kiuno kinaondoka. Na sisi tunalipwa kwa safari: gurudumu likisimama, malipo nayo yamesimama. Kuna safari fupi ambazo kufunika mzigo kunakula muda kuliko barabara yenyewe.

Zamani kulikuwa na posho ya turubai. Ilikuwa ndogo, lakini angalau ilikiri kwamba kuna kazi imefanyika. Waliiondoa wiki ileile walipofunga viyoyozi ofisini. Wakasema imeingizwa ndani ya malipo ya safari. Nikauliza: imeingia, mbona malipo ya safari hayajanenepa? Meneja akacheka. "Njoo kesho tuongee." Toka siku hiyo tunamwita Kesho, na ameshalizoea, anaitika.

Kitu kimoja tu hawajatuondolea, nacho ni kona. Ukiwa juu, upepo ukakuzidi, unaita "Kona!" na yeyote aliye karibu anaacha chai yake, anakimbia, anashika ncha ya turubai lako. Haulizwi mtu kama mnasalimiana. Nimewahi kumshikia kona mtu aliyeniibia betri.

Na mimi, kwenye mkutano wetu wa getini, ndiye niliyesimama juu ya tairi nikapendekeza: "Atakayefunika mzigo kabla posho haijarudi na kabla Shemeji hajatibiwa, huyo siku akiita kona tusimsikie."

Nilipigiwa makofi. Makofi hayo nayo nayakumbuka.

Sasa sikiliza ya leo.

Nimeamka, mke wangu hayupo. Sikushangaa sana. Yeye ni fundi wa kushona maturubai ya kampuni hiyohiyo, ana kibanda chake nyuma ya yadi, na uzi ukiisha huwa anaondoka mapema kuutafuta. Kilichonishangaza ni suruali yangu ya kazi. Sikuiona. Nimeondoka na ile ya kwendea misibani.

"Shemeji," aliniita kutoka kwenye godoro nilipokuwa navaa viatu, "bado mmekaza?"

"Tumekaza."

"Basi hata huu mguu unauma kwa faida."

Akacheka, akajuta kucheka, akaushika mto kwa mikono miwili. Nikamsogezea maji, nikatoka.

Yadini malori matatu yalikuwa yamepangwa tangu jana, yamepakiwa bodi za jipsamu, zile za kupigia dari. Zikinywa maji zinageuka uji. Mawili yalikuwa wazi, kama tulivyoyaacha.

La mbele lilikuwa limefunikwa.

Madereva walikuwa wamelizunguka kama watu waliokuta ng'ombe amezaa ndani ya kanisa. Hakuna aliyezungumza, hata Redio, ambaye hunyamaza tu akiwa anameza.

Nikasogea kona ya nyuma. Moyo ukanishuka hadi kwenye suruali ya misiba.

Sisi kona tunaikunja kama bahasha: unaleta huku, unaleta huku, unakaza. Hii ilikuwa imeingizwa ndani kwanza, kisha ikapangwa mikunjo midogo midogo, sawa kwa sawa, kila mmoja umelala juu ya mwenzake ili maji yateleze yasituame. Kazi safi. Kazi ya mtu aliyeshona sare za shule kabla hajashona maturubai.

"Lori limevaa marinda," Redio alisema hatimaye. "Bado soksi nyeupe tu."

Watu wakacheka kidogo. Mimi nikasema nakwenda kukojoa.

Nilimkuta mke wangu kibandani, turubai lingine limemjaa mapajani, sindano ndefu mkononi. Alikuwa amevaa suruali yangu, amekunja miguu mpaka chini ya goti. Magoti yamechubuka.

"Umefika," alisema bila kuinua kichwa.

"Mama Pacha. Lori la mbele."

"Nimelifunga vibaya?"

"Umelifunga vizuri mno. Hiyo ndiyo shida."

Akakata uzi kwa meno. "Nilijua wewe utaliona. Wengine wanaona turubai tu."

"Umepandaje peke yako?"

"Foklifti ilinipandishia turubai. Kule juu nilitambaa kama mtoto. Upepo ulikuwa bado umelala."

Nikaketi kwenye debe. Nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikupata hata nguvu ya kusimama.

"Amekuahidi nini?"

"Malori matatu yafunikwe leo. La mwisho likifungwa anapiga simu, gari la hospitali linamchukua kaka pale nyumbani, anawekewa chuma."

"Kesho ndiye kasema?"

"Kesho ndiye kasema."

"Huyohuyo aliyetuahidi ngazi za kupandia, akaleta ngazi moja, ikapelekwa kwake kuchumia maparachichi? Huyohuyo aliyesema glavu ziko njiani? Hizo glavu zinakuja kwa miguu?"

"Baba Pacha, wewe unakumbuka sana. Kaka yangu anaumia sasa hivi."

"Na tumegoma kwa ajili yake!"

"Najua. Nawashukuru. Lakini nyonga haijagoma, inaendelea kuunga. Daktari alisema mbele yako: ikiunga upande, itabidi ivunjwe upya. Siku ya kuivunja atamshika nani? Redio?"

Kibanda kilinuka raba na mafuta ya cherehani, harufu ambayo miaka yote hii nimelala nayo kitanda kimoja.

"Malori haya yakitoka," nikasema polepole, "mgomo umekufa. Posho imekufa. Mwezi ujao anaanguka mtu mwingine, na huyo hana dada fundi."

"Huyo mwingine simjui sura. Huyu nilimbeba mgongoni nikiwa mdogo kuliko mzigo wenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo aliponitazama. "Ningekuambia, ungenihutubia."

Nikanyanyuka. Mlangoni nikamwambia asitoke kwanza, nitafute njia ya kuongea na wenzangu. Alirudi kwenye sindano yake.

Nilipofika kwenye malori, Breki alikuwa amefika. Breki ndiye mkubwa wetu yadini. Jina amelipata kwa sababu haongei mpaka mambo yafike mteremkoni. Alikuwa anaipapasa ile kona kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima homa.

"Katibu," aliniita. Chama hatuna, wameniita Katibu kwa ajili ya hii kumbukumbu yangu. "Nani kafunga hili?"

Wote wakanitazama. Kumi na kitu pamoja, na wote nimewashikia kona.

Hapa ndipo nataka mnisome vizuri, maana wapo watakaonitukana kesho sokoni. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ukweli. Nilimwona kichwani mke wangu na magoti yake, nikakumbuka maneno yangu mwenyewe juu ya tairi.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

"Wewe," alisema Breki.

"Mimi."

"Wewe tangu lini unapiga marinda?"

"Nimeoa fundi. Mtu anajifunza."

Redio akatema mate pembeni. "Si ndiye alituapisha? Si ndiye huyu alisimama pale, juu ya tairi la akiba, akatutoa machozi?"

"Mwache," Breki akasema. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia zile pindo. "Shida ya Shemeji iko nyumbani kwako, inakukodolea macho usiku kucha. Naelewa. Lakini, Katibu, ukiliacha hili liende, kuanzia leo tutafunga bure mpaka wajukuu. Panda ulifungue."

"Breki..."

"Panda ulifungue mwenyewe, nasi tutasahau. Redio naye atasahau, nitamsimamia."

Dirishani, juu, Kesho alikuwa amesimama na kikombe. Nyuma yake kiyoyozi. Mbele yake sisi. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya paa la ghala, jeusi chini, limetanda bila haraka.

Nikapanda. Nini tena ningefanya? Suruali ya misiba ikachanika pajani kwenye ngazi ya tela, nikaisikia. Nikafika juu, nikapiga magoti, nikaanza na fundo la kwanza. Lilikuwa limekazwa na mtu anayejua. Nikalifungua nusu, nikapumzika. Nikajifanya kidole kinauma. Kilikuwa kinauma kweli.

"Katibu, unafungua au unabembeleza?" Redio aliuliza kutoka chini.

Ndipo foklifti ikaunguruma.

Ilitoka nyuma ya ghala, na juu ya vyuma vyake limelala turubai, na nyuma ya turubai anatembea mke wangu, suruali yangu imekunjwa magotini, hatazami kushoto wala kulia. Foklifti ikalipandisha turubai juu ya lori la pili. Naye akapanda, mguu huu, mguu huu, kama mtu anayepanda ngazi za kwao.

Madereva wakamtazama yeye. Kisha wakaitazama kona yenye marinda. Kisha, mmoja mmoja, wakainua nyuso kunitazama mimi.

"Katibu," Breki alisema.

"Naam."

"Hata kudanganya umeanza kukunja kwa ustadi."

Nikaligeukia lori la pili.

"Shuka, Mama Pacha," nikamwambia kutoka lori langu. Kati yetu palikuwa na nafasi ya kupita gari. "Tumeshajulikana. Shuka."

"Limebaki hili na lile," akajibu. "Nikishuka sasa, nimechubuka bure."

Akakata kamba ya kufungia, akaanza kulikunjua. Alilikunjua vizuri, ila alfajiri imeshapita, na upepo wa mbele ya mvua hauna adabu. Uliingia kwa chini, ukalijaza turubai tumbo. Likanyanyuka. Nililiona likimnyanyua naye, visigino vikiacha bodi, na ndani ya kichwa changu niliona zege, godoro, mto wa kochi.

Akarudi nyuma hatua moja. Hatua ya pili ilikuwa ndiyo ya ukingoni.

"Kona!" akaita.

Alijua sheria niliyoitunga. Nyumbani nilimsomea hotuba nzima kabla sijaenda kuitoa, na alinisahihishia mahali fulani. Hata hivyo akaita, kwa sababu ukiwa kule juu hakuna neno lingine.

Mimi nilikuwa juu ya lori lisilo lake, kamba nimeizungusha mkononi. Nikafungua mdomo kusema shikeni. Sauti ikagoma. Siku zote nina la kusema, leo sauti ikagoma.

Sikuhitajika. Miguu ilishaanza kukimbia kwenye kokoto. Breki, mzee mwenye goti bovu, ndiye aliyefika wa kwanza, akairukia ncha ya mbele kama kijana. Redio akaning'inia kwenye ile ya nyuma huku anatukana matusi ya kizazi kizima. Wengine wakadaka kamba za ubavuni. Hakuna aliyefikiri, nawaapia, ilikuwa mikono tu. Turubai likatoa pumzi, likashuka, likalala juu ya bodi kama blanketi juu ya mtoto.

Mke wangu akakaa chini palepale, akashika uso wake.

Tone la kwanza la mvua likapiga kwenye turubai, tap, na kila mtu akalisikia. Ndipo tulipojiona. Wagomaji wote wa yadi, kila mmoja ameshika kamba, wamezunguka mzigo uliofunikwa vizuri kuliko wowote tuliowahi kuufunika. Kimebaki kukaza mafundo tu.

Kesho alikuwa amefungua dirisha. Kikombe ameweka, mkononi ana simu.

"Hivyo ndivyo napenda," akasema kwa upole. "Ushirikiano. Malizieni hilo, la tatu nalisamehe. Mkikaza tu, mimi napiga."

Hakuna aliyekaza. Hakuna aliyeachia pia. Ukiachia, upepo unalibeba, na juu yake bado yumo mtu.

Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa kwa mkono usio na kamba. Ni Shemeji.

"Shemeji, kuna gari la hospitali hapa mlangoni. Lina kitanda na kila kitu. Ila dereva wake hataki kuniingiza, anasema anangoja simu ya ofisini kwenu. Simu ya nini?"

Nikaitazama simu iliyo mkononi mwa Kesho.

"Kampuni hainipi hata panado. Leo inanipa gari?" Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, ya mtu aliyejiinua kwenye kiwiko. "Niambie ukweli, nakuheshimu. Mgomo upo? Maana kama mmeuuza kwa ajili yangu, sipandi. Naapa mbele ya pacha wako hawa, sipandi. Waje wanibebe maiti."

Mke wangu alikuwa ameinua kichwa. Hakusikia maneno, lakini aliijua sauti ya kaka yake hata kwa umbali ule, na akawa anatikisa kichwa kwangu, polepole, ananiomba. Danganya. Umeshadanganya leo mara moja, danganya tena.

Mvua ikaanza kuhesabika. Chini, Breki alibadilisha mkono. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kofia hadi kwenye ndevu, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Katibu," akasema, "mikono inachoka. Tufunge au tumshushe mama tuachie?"

Na sikioni Shemeji naye alikuwa anauliza, "Shemeji? Upo? Mgomo upo?"